Gazeti la Bwana von Roy

Mwaka 1899 Mjerumani mmoja, Willy von Roy, alianzisha gazeti mjini Dar es Salaam. Aliliita Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, yaani Gazeti la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jina lilikuwa kubwa kuliko wasomaji. Hata kufikia mwaka 1913, Wazungu wote wa koloni, kutoka Bukoba hadi Lindi, walikuwa 5,300 na ushei, na Waafrika walikuwa zaidi ya milioni saba. Ukitaka kuwaona wasomaji wote wa von Roy kwa macho, simama Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi. Wanaogombea magari pale kabla jua halijakaa sawa nadhani wanawazidi.

Gazeti hilo liliishi miaka kumi na saba. Mwanzoni lilitoka mara moja kwa wiki, baadaye mara mbili, likafa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Leo Maktaba ya Taifa ya Berlin imepiga picha kurasa zake na kuziweka mtandaoni, kwa hiyo mtu wa Temeke mwenye simu na bando anaweza kusoma Dar es Salaam ya wakati wa Kaisari akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Anachohitaji ni Kijerumani na subira. Chapa yake ni ile ya kizamani yenye pembe pembe, ambayo herufi s inafanana na f, na ukurasa mmoja unaweza kula jioni nzima. Mimi nimesoma Kijerumani kwa madarasa ya jioni na bado naenda kwa mwendo wa kobe.

Nilipoanza kulisoma kwa ajili ya tasnifu yangu, nilikuwa na picha kichwani ambayo nadhani wengi wenu mnayo. Koloni ni serikali, serikali ina gazeti, gazeti linasema yanayotakiwa na serikali. Na kweli, miaka ya mwanzo mambo yalionekana hivyo. Kuanzia mwaka 1900 matangazo rasmi ya serikali, Amtlicher Anzeiger, yalitoka kama nyongeza ya gazeti la von Roy. Sheria, kodi, uteuzi wa maofisa, vyote vilipitia kwenye mtambo wake. Kwa mchapishaji wa mji mdogo, mteja wa aina hiyo ni neema.

Lakini serikali haikuwa msomaji wake wa kweli. Msomaji wake alikuwa mlowezi: mwenye shamba la mkonge au mpira, mfanyabiashara wa Kijerumani, mtu aliyekuja na mtaji mdogo na matumaini makubwa na kukuta kwamba vibarua hawapatikani. Mlowezi huyu alikuwa na malalamiko matatu, na ukisoma gazeti kwa mwaka mmoja tu utayajua kama unavyojua kiitikio cha wimbo. Kwanza, Waafrika hawaji kufanya kazi mashambani kwetu kwa mshahara tunaoutaka. Pili, Wahindi wametuwahi katika biashara. Tatu, gavana anawapendelea hao wawili na kutusahau sisi.

Malalamiko hayo yalikuwa na ardhi na watu chini yake. Huku kwetu kusini na magharibi ya mji, sehemu ambazo sasa ni Temeke, Mbagala na kuendelea hadi Kisarawe, ilikuwa Uzaramo. Mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, wilaya ya Dar es Salaam ilianzishiwa mashamba ya pamba ya pamoja. Kila kijiji kililima shamba chini ya jumbe wake, kwa amri, na mwisho wa msimu mapato yakagawanywa. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa hata kuyapokea. Kibasila wa Kisangire aliipinga pamba hiyo, na vita vya Maji Maji vilipofika Uzaramo mwaka 1905 Wajerumani walimnyonga. Shule ya Sekondari Kibasila, pale Chang'ombe, ina jina lake. Nina marafiki waliosoma hapo miaka minne wakidhani Kibasila ni jina la mtaa.

Historia ya vita yenyewe tumeisoma sote: Umatumbi, Julai 1905, watu waking'oa pamba; Kinjeketile wa Ngarambe na maji yake; kisha moto, na baada ya moto njaa. Makadirio rasmi ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliofuata, akiwemo Gilbert Gwassa aliyekusanya masimulizi ya wazee kule kusini, walipandisha idadi hiyo hadi kati ya 250,000 na 300,000. Ninayataja hapa kwa sababu kila kilichoandikwa kwenye gazeti la von Roy baada ya hapo kiliandikwa juu ya makaburi hayo, na mara nyingi bila kuyaangalia. Kwa walowezi swali kubwa lilibaki lile lile, nani atalima mashamba yetu.

Mwaka 1906 akaja gavana mpya, Albrecht von Rechenberg. Mtu huyu anasumbua, kwa sababu hawekeki kwa urahisi upande wowote. Alikuwa kabaila, Mkatoliki, mwanadiplomasia aliyewahi kufanya kazi Unguja na kukijua Kiswahili vizuri. Alifika na hesabu rahisi. Vita vimekula fedha nyingi. Mkulima wa Kiafrika, akiachwa alime na kuuza mwenyewe, atatoa mazao mengi kwa gharama ndogo kuliko shamba la mlowezi linalohitaji vibarua wa kulazimishwa. Mhindi atanunua mazao hayo hata kijijini ambako Mjerumani hafiki. Reli itayabeba hadi bandarini. Kodi italipwa. Na watu wenye kitu cha kupoteza hawataasi tena. Reli ya Kati ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Tusimfanye Rechenberg mtakatifu. Alikuwa akilinda koloni la Kaisari, na ofisi za wilaya zilizokuwa chini yake ziliendelea kuchapa watu. Bibi zetu walituachia msemo wa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Nyuma ya msemo huo kuna hesabu iliyoandikwa: mwanahistoria John Iliffe ameonyesha kwamba kati ya 1901 na 1913 Waafrika 64,652 walihukumiwa adhabu ya viboko na mamlaka ya Kijerumani. Hao ni walioandikwa. Wa mashambani, waliochapwa na mwenye shamba asubuhi kabla ya chai, hawamo.

Kiboko ndicho kilicholeta ugomvi hadharani. Mwaka 1907 waziri wa makoloni, Bernhard Dernburg, alitoka Berlin kuja kujionea mwenyewe, na aliporudi alilalamika mbele ya wabunge kwamba karibu kila Mzungu aliyemwona pwani yetu anatembea na kiboko mkononi. Kwa walowezi hilo lilikuwa tusi. Dernburg na Rechenberg walitaka adhabu ya viboko iwekewe mipaka na iandikwe kwenye vitabu. Walowezi walitaka iachwe mikononi mwao. Wakati huo huo kule Usambara walikuwa wamepata walichokitamani: tangu 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, kila mwanamume mzima alipewa kadi na kutakiwa kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Huko nako walowezi walikuwa na gazeti lao, Usambara-Post la Tanga.

Basi fikiria mambo yalivyokaa. Gazeti la Dar es Salaam linamshambulia gavana toleo baada ya toleo. Linasema serikali ina urasimu, haisikilizi wananchi, inatumia fedha za umma vibaya, inaogopa kukosolewa. Linadai walipa kodi wawe na sauti katika uamuzi. Ukiyafunika maneno mawili matatu kwa kidole ungedhani unasoma tahariri ya mhariri jasiri wa zama zetu.

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki kadhaa. Kizazi chetu kimelelewa katika hadithi moja kuhusu magazeti: mhariri anasema kweli, serikali inamfungia, sisi tunasimama na mhariri. Tumeiona. MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalikaa gizani miaka hadi leseni zikarudishwa Februari 2022, na sikutani na mtu juu ya nani alikuwa na haki. Lakini von Roy ni mhariri huru, mkosoaji wa serikali, asiyeogopa mkubwa, na uhuru anaoupigania ni uhuru wa kumchapa babu yangu bila kuandika kwenye kitabu. Neno "wananchi" katika kurasa zake lina maana ya watu elfu chache. Sauti anayodai ni ya hao. Nimekuja kuona kwamba mtu hawezi kuuliza kama gazeti ni huru bila kuuliza kwanza linamchukulia nani kuwa mtu.

Serikali nayo ilijibu kwa mbinu ambazo hazijazeeka. Kazi ya matangazo rasmi ikaondolewa mikononi mwa von Roy, na mkate wake ukapungua. Mwaka 1908 likazuka gazeti la pili mjini, Deutsch-Ostafrikanische Rundschau, lililoelemea upande wa gavana. Mji wenye Wazungu wasiofika mbali na elfu moja ukawa na magazeti mawili ya Kijerumani yanayotukanana. Nina hakika vinywaji viliuzwa sana.

Kisha von Roy akavuka mstari. Ulikuwapo uvumi kwamba Gavana Rechenberg, ambaye hakuwa na mke, ana mahusiano ya kimapenzi na wanaume. Kule Ujerumani, tangu 1907, kashfa ya namna hiyo ilikuwa imewaangusha watu wa karibu kabisa na Kaisari, na kila mhariri aliyekuwa na adui alijua sasa silaha iko wapi. Hoja za pamba na reli zilikuwa zimeshindwa kumng'oa gavana, pengine chumba chake cha kulala kingeweza. Mwaka 1910 mambo yakafika mahakamani. Von Roy akashitakiwa, akahukumiwa kifungo, na haukupita muda mrefu akawa ameondoka kwenye koloni alilokuwa amelitawala kwa wino kwa miaka zaidi ya kumi.

Wanahistoria wameandika vizuri juu ya kashfa hiyo, hasa Heike Schmidt, na sitairudia yote. Kinachonishika mimi ni kesi yenyewe kama kesi. Mzungu aliyemkashifu gavana alipata jaji, mashahidi, sheria iliyoandikwa na utaratibu wa kuifuata. Mwafrika aliyesemekana kumjibu vibaya msimamizi wa shamba aliletwa mbele ya mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa mwendesha mashitaka, jaji na msimamia kiboko kwa wakati mmoja, na hakukuwa na kitabu cha makosa cha kumlinda. Mji mmoja, mwaka mmoja, na mahakama mbili ambazo hazikujuana. Gazeti lenyewe, hata baada ya mhariri wake kutiwa hatiani, halikuona ajabu yoyote katika hilo.

Rechenberg naye hakudumu. Mwaka 1912 nafasi yake ilichukuliwa na Heinrich Schnee, aliyeelewana zaidi na walowezi, na mwaka huo huo Rundschau likafa. Gazeti la walowezi likaendelea bila mwanzilishi wake. Kwa kifupi, mhariri alifungwa, hoja zake zikashinda.

Hadi hapa nimesimulia kana kwamba Dar es Salaam na Tanga zilikuwa miji ya Wajerumani pekee, kwa sababu hivyo ndivyo gazeti linavyozionyesha. Watu wetu wamo ndani yake, lakini kama upungufu wa vibarua, kama mtumishi aliyetoroka, kama takwimu ya kodi ya kibanda. Ukitaka kuwaona wakiandika wenyewe inabidi ubadilishe gazeti.

Tanga kulikuwa na shule ya serikali, na shule hiyo ilikuwa na mtambo wa kuchapia ambapo wanafunzi walijifunza ufundi. Chini ya mwalimu mkuu Paul Blank, shule hiyo ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, kuanzia 1905 hivi hadi vitani. Hili sasa ndilo lilikuwa gazeti la serikali kweli kweli. Mhariri ni Mjerumani, mwenye mali ni serikali, na heshima kwa Kaisari haikosekani. Wakati wa Maji Maji lilisimama na watawala bila kusita. Kama ungetumia kipimo chetu cha mhariri jasiri, lingepata sifuri.

Na bado ndilo lililojaa watu. Vijana waliomaliza shule ya Tanga walisambazwa koloni nzima kama makarani, walimu, wakalimani na maakida, na huko walikopelekwa walishika kalamu. Walituma habari: mvua imeanza au imegoma, nzige wametua, simba amekula mtu, bei ya mtama, bwana mkubwa amepita na msafara wake, fulani amefariki na Mungu amlaze pema. Walituma mashairi, mengi mno, ya sifa, ya mafumbo na ya kujibizana. Walisahihishana Kiswahili. Karani aliyekaa peke yake katika boma la mbali angeweza kusoma habari za mwenzake aliyekuwa mwendo wa wiki kadhaa kutoka kwake, kwa lugha ambayo si ya kabila la yeyote kati yao. Sidhani Paul Blank alikusudia kuwapa watu wa Tanganyika mahali pa kukutana. Alikusudia kupata makarani watiifu.

Wala hawakuwa malaika. Waandishi wengi wa Kiongozi walikuwa watu wa pwani, na dharau yao kwa watu wa bara inasomeka bila miwani. Walikula mshahara wa serikali iliyonyonga akina Kibasila, na baadhi yao ndio walioshika daftari kodi ilipokusanywa. Mwanafunzi mwenzangu mmoja wa stashahada ya uandishi, tukibishana kwenye mabomba ya maji pale chuoni, aliwaita machawa. Neno zuri, na pengine anasema kweli kwa nusu. Lakini chawa huyo ndiye aliyetuachia maandishi ambayo mtoto wa darasa la saba wa Tandika anaweza kuyasoma leo na kuyaelewa bila darasa la jioni. Gazeti la von Roy linahitaji mkalimani hata ndani ya mji lilikochapwa.

Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Waingereza ziliupiga mji mizinga mwaka huo huo, na Novemba vikafuata vita vya Tanga, ambapo jeshi lililotoka India lilishindwa vibaya. Meli za kwao zikiwa zimezuiwa, walowezi waliendelea kupata gazeti, na gazeti liliendelea kuwaambia kwamba mambo yatakuwa sawa. Mwaka 1916 lilihamia Morogoro pamoja na serikali iliyokuwa inarudi nyuma. Waingereza waliingia Morogoro mwishoni mwa Agosti na Dar es Salaam mapema Septemba. Mwaka huo ndio mwisho wa Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, wa Usambara-Post na wa Kiongozi pia. Huko porini jeshi la Kijerumani lilizidi kuishiwa, hadi noti za mwaka 1917 zikapigwa kwa mihuri ya mpira, kama zile za watoto za kuchezea.

Wapagazi waliobeba vita hivyo mabegani, kwa pande zote mbili, hawakuwa na gazeti. Kariakoo ndilo kumbukumbu lao, jina lililotokana na jeshi la wapagazi la Waingereza, na wengi wetu tunalitamka tukienda kununua vitenge.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba radhi kwa waliyoyatenda Wajerumani wakati wa Maji Maji. Nilikuwa nasoma matoleo ya 1906 wiki hiyo. Kati ya hotuba ile na kurasa zile kuna miaka zaidi ya mia moja, na mimi nilikuwa nazo zote kwenye simu moja, kwenye kochi la shangazi yangu Mbagala, umeme ukiwa umekatika na chaji imebaki kidogo.

Waingereza walianza pale pale Wajerumani walipoishia. Gazeti la Dar es Salaam Times lilihudumia Wazungu wapya, na tarehe 1 Januari 1930 likaja Tanganyika Standard, babu wa Daily News ya sasa. Kwa Waafrika serikali ilitoa Mambo Leo mwaka 1923, na likajaa barua na mashairi kama lilivyojaa Kiongozi, mengine yakitoka, bila shaka, kwa watu waliojifunza kuandikia gazeti kule Tanga. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1937 ndipo Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam aliyetokea Uganda, akaanzisha Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Ilikuwa miaka 38 tangu von Roy awashe mtambo wake. Wakati huo fedha ya Wajerumani ilikuwa imeshafutwa siku nyingi, na Kwetu lililipiwa kwa senti za Kiingereza. Watu wa Dar es Salaam hatujaacha kuziita hela, kutoka Heller, kama ambavyo hatujaacha kwenda shule.